Uvuvio na Kifutio

Kuna kauli moja ambayo ikishatamkwa mbele ya kwaya, mazoezi yamekwisha: "Wimbo huu nimepewa na Mungu." Mwimbaji wa besi aliyekuwa ameinua mkono kuuliza kama nota fulani haikuandikwa vibaya huushusha polepole. Nani atamsahihisha Mungu? Nimefundisha kwaya upande huu wa Awasi muda wa kutosha kuisikia kauli hiyo kwa watu wa kweli na kwa walaghai, na mara nyingine kwa mtu mmoja aliyekuwa yote mawili ndani ya wiki moja.

Sisemi haya kwa dharau. Nyanza imejaa nyimbo za ndotoni. Makanisa ya Roho, yanayomkumbuka Alfayo Odongo Mango aliyeuawa Musanda mwaka 1934, yalianza yakiimba, na waumini wake hawaoni ajabu mtu kuamka alfajiri na wimbo mzima mdomoni. Waumini wa Legio Maria, waliojitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakiwa na Simeo Ondetto na Gaudencia Aoko, nao wanazipa ndoto na maono uzito ambao sisi Wakatoliki tuliobaki huwa tunauonea haya hadharani na kuutamani faraghani. Nami naamini kwamba Mungu huwapa watu nyimbo. Shaka yangu iko kwa mpokeaji, maana masikio yake ni ya nyama.

Awasi yenyewe ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Kisumu kupitia Ahero inapita hapa ikielekea Kericho, na nyingine inachepuka kwenda Chemelil na Muhoroni, kwenye miwa. Magharibi kuna tambarare ya Kano yenye udongo mweusi unaong'ang'ania viatu; kaskazini milima ya Nandi imesimama kama ukuta. Sokoni utasikia Kidholuo na Kikipsigis kwenye meza moja ya nyanya, na bei hukubaliwa kwa Kiswahili. Ndiyo maana nyimbo zangu nyingi ni za Kiswahili: sikutaka Misa ambayo nusu ya walio kwenye mabenchi wanaisikia kama wageni.

Kwa mtoto mwenye masikio, mji huu ulikuwa shule isiyo na karo. Jumamosi Waadventista, ambao wamisionari wao walifika Gendia, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, mwaka 1906, waliimba sauti nne zilizonyooka bila ngoma hata moja. Jumapili watu wa Roho walipita barabarani na bendera na ngoma zao, wakitembea nusu na kukimbia nusu. Sisi tulikuwa na kinanda cha kukanyaga kilichokohoa. Na nyumbani alikuwapo Dani, nyanya yangu mzaa baba, aliyeimba nyimbo za kilio hata siku ambayo hakuna aliyefiwa, akipepeta mtama uani. Kidholuo ni lugha ya toni. Ukiipandisha sauti pasipostahili kupanda, umesema jambo jingine. Kwa hiyo wimbo wa Dani haukuwa na uhuru wa kwenda utakako. Ulifuata maneno yalikopanda na kushuka, na uzuri wake ulikuwa humo humo ndani ya utii.

Hilo sikulielewa mpaka nilipofika mikononi mwa katekista wa kigango chetu. Tulimwita Japuonj, mwalimu, kwa sababu alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kustaafu, na hakuwahi kuacha kushika chaki. Alitufundisha solfa kwenye ubao uliopasuka: d, r, m, f, s, l, t. Alipenda kutuambia kwamba mfumo huo ulibuniwa na mwanamke wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akauendeleza na kuusambaza katika karne ya 19, kwa sababu herufi saba zinaweza kuchapwa na mashine yoyote ya taipu, wala mtu hahitaji mistari mitano. Wamisionari wakaubeba hadi Afrika. Kwa kwaya zetu ulikuwa ukombozi: fundi wa baiskeli ambaye hajawahi kugusa piano anaweza kusoma besi yake na kuiimba sawasawa.

Kanuni ya kwanza ya Japuonj haikuhusu muziki. Alitupa Zaburi ya Jumapili ijayo na kutuamuru tuisome kwa sauti, tukitembea, mpaka miguu ijue maneno mazito yako wapi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Mtunzi anayelijua hilo hupata nusu ya wimbo bure. Asiyelijua huangusha pigo zito kwenye silabi ya mwisho, na Mwokozi anageuka kuwa mwokoZI, jambo tulilolizoea katika tenzi nyingi zilizotafsiriwa, kwa kuwa tuni iliundwa kwa Kiingereza au Kijerumani na maneno yetu yakabanwa ndani yake. Tunaziimba, tunazipenda, tumezika wazazi wetu nazo. Lakini mtunzi wa leo, anayeanza na karatasi tupu, hana sababu ya kurudia kosa ambalo mtafsiri alilazimishwa kulifanya.

Siku moja kijana wa sauti ya tatu alikuja na wimbo wa komunyo alioota. Alituambia ndoto yote: mwanga, mtu mwenye vazi jeupe, kiitikio kilichorudiwa mpaka akaamka. Tulinyamaza. Japuonj alisikiliza hadi mwisho, akaomba uimbwe tena, akafumba macho. Kisha akachukua kifutio.

"Kijana wangu," alisema, "nakubali kwamba ni Roho aliyekupa. Basi anayekosea hapa ni mwandishi wake."

Akafuta nota ya mwisho ya neno "msamaha", iliyokuwa imeruka juu kana kwamba kusamehewa ni kushtuka, akaishusha. Akaitenganisha teno na alto zilizokuwa zinapishana na kufichana. Hakugusa kiitikio. Alituambia kiitikio kile hakihitaji mtu. Kijana alinuna mpaka mwimbaji wa mwisho alipoondoka. Wimbo huo bado unaimbwa katika vigango kadhaa vya upande wetu, na waimbao hawajui kwamba una alama za vidole vya watu wawili.

Mahubiri mengi kuhusu uvuvio humtaja Handel. Ni kweli kwamba aliandika oratorio yake ya Messiah kwa siku 24, kuanzia tarehe 22 Agosti hadi 14 Septemba mwaka 1741, na mhubiri akifika hapo huinua mikono. Kinachoachwa ni kwamba baadhi ya korasi zake, ikiwemo ile ya kuzaliwa mtoto, zilijengwa juu ya nyimbo za wawili za mapenzi, za Kiitaliano, alizokuwa ameziandika mwezi Julai mwaka huohuo. Na baada ya onyesho la kwanza, Dublin mwaka 1742, aliendelea kuibadilisha kazi hiyo kufuatana na waimbaji aliowapata. Habari hizi hazinipunguzii imani. Zinanionyesha Roho akifanya kazi na mtu ambaye kabati lake lilikuwa limejaa.

Bach naye, katika Mateso kwa mujibu wa Mathayo, alirudia mara kadhaa tuni ambayo waumini wa makanisa mengi huihusisha na kichwa cha Yesu kilichojeruhiwa. Tuni hiyo ilichapishwa mwaka 1601 na Hans Leo Hassler ikiwa wimbo wa kijana aliyevurugwa akili na msichana. Wimbo wetu wa taifa wa Kenya ulitengenezwa kutokana na bembelezi la Wapokomo wa Mto Tana, na kamati ya wanamuziki iliyoongozwa na Graham Hyslop haikuficha asili yake. Basi mtu akiniambia wimbo wake ni mpya kabisa, haukutoka popote, namwonea huruma kidogo. Hajui alikotoka.

Biblia yenyewe haina haya katika jambo hili. Zaburi ya 96 na ya 98 zote mbili zinatudai wimbo mpya, na zinatudai kwa maneno yaleyale ya kufungulia. Sehemu kubwa ya ile ya 96 imo pia katika Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 16. Zaburi ya 108 imeungwa kwa kipande cha 57 na kipande cha 60. Mariamu alipomwimbia Mungu nyumbani kwa Elisabeti, nyuma ya sauti yake unaisikia ya Hana, mamaye Samweli. Nilipoligundua hilo nikiwa nimekaa na Biblia yenye marejeo pembeni, niliacha kuogopa kwamba kiitikio changu kinafanana na cha Dani. Nilianza kuogopa kwamba hakifanani na cha yeyote.

Katika eneo hili la ziwa wapo waliotangulia kuithibitisha njia hiyo. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda alichapisha utafiti wake juu ya muziki wa Buganda mwaka 1955, kisha akatunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, waliotangazwa watakatifu Roma tarehe 18 Oktoba 1964, kwa kutumia muziki wa kwao. Upande wa Tanzania, Bernard Kyamanywa, mchungaji wa Kilutheri kutoka Kagera, aliandika maneno ya "Mfurahini, Haleluya" mwaka 1966 juu ya tuni ya Wahaya, na leo wimbo huo wa Pasaka umo katika vitabu vya makanisa ya Marekani na Ulaya. Padre Stephen Mbunga, naye Mtanzania, alishatoa mwaka 1963 kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka huohuo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia iliyotaka muziki wa mataifa yetu uheshimiwe na upewe nafasi katika ibada. Mlango ulifunguliwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kuna parokia ambazo mpaka leo zinabisha hodi kwenye mlango uliokwisha funguliwa.

Lakini mlango kuwa wazi hakumaanishi kila kitu kiingie na viatu. Niliwahi kuandika wimbo wa matoleo wenye mapigo ya ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo. Nilijua wazee wangelalamika, nami nilikuwa na hoja zangu tayari: ngoma haina dhambi, hati ya Vatikano inasema hivi na vile. Aliyenisimamisha hakuwa mzee wa baraza. Ni mama mmoja wa sauti ya pili, mchangamfu, mchezaji hodari, aliyenijia baada ya mazoezi.

"Mwalimu, wimbo ni mtamu," aliniambia. "Shida ni miguu yangu. Inakumbuka mahali pengine."

Hakuna hati iliyonipa jibu. Mapigo hayana dhambi, ila yana kumbukumbu, na kumbukumbu ya watu wa hapa kuhusu ohangla ni matanga ya usiku kucha, pombe na pakruok, ile desturi ya kusimamisha muziki mtu alipe ndipo ajisifu. Mtunzi hana mamlaka ya kufuta kumbukumbu za watu kwa amri. Nilichofanya ni kuibakiza tuni na kuyahamishia mapigo kwenye kayamba, yakiwa mepesi zaidi, na baada ya miaka michache mama yuleyule ndiye aliyeuliza kwa nini hatuongezi ngoma. (Hiyo pakruok, nikiruhusiwa kulalamika kidogo, imekwisha ingia kwenye nyimbo za injili. Unasikiliza wimbo wa kumsifu Mungu, mara anatajwa mheshimiwa fulani aliyelipia studio. Mimi siipendi, na sitajifanya ninaipenda.)

Kuchota katika muziki wa watu wako ni kuteka maji kwenye kisima cha kijiji: ni haki yako, ilimradi ukumbuke waliokichimba. Kunyanyua ndoo ambayo jirani ameshaijaza na kuitua kichwani mwako ni jambo jingine. Siku hizi nota husafiri kwa simu. Wimbo unaandikwa Awasi Jumanne, Ijumaa uko Mwanza, na mahali fulani njiani jina la mtunzi linakatwa na mashine ya fotokopi au na kidole cha mtu. Nilialikwa harusi moja mbali na kwetu, nikasikia kiitikio changu kikiimbwa vizuri, mashairi yangu yakiwa kamili, na juu ya karatasi kukiwa na jina la mtu nisiyemjua. Nilimtafuta baadaye kwa simu. Alikuwa mpole sana. Alinijibu, "Mwalimu, nyimbo ni za Mungu."

Ni za Mungu, kweli. Lakini besi ile iliandikwa na mtu, usiku, kwa koroboi, na mtu huyo alikuwa na shamba la kupalilia asubuhi. Sheria ya Kenya ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaulinda wimbo kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na haiondoi ulinzi huo kwa sababu neno Mungu limo katika kiitikio. Kabla ya sheria za Kenya, wakusanyaji wa Zaburi walishaliona jambo hili. Waliandika juu ya wimbo: wa Daudi, wa Asafu, wa wana wa Kora, wa Hemani, wa Ethani. Hata nabii Habakuki anafunga kitabu chake kwa maagizo kwa mwimbishaji kuhusu vinanda. Watu hao hawakuwa na upungufu wa unyenyekevu, na majina hayakumpunguzia Mungu chochote.

Naulizwa pia kama mtunzi wa nyimbo za kanisa lazima awe mwenye imani. Jibu la haraka ni ndiyo, na jibu hilo linamkuta Ralph Vaughan Williams, aliyehariri muziki wa kitabu cha tenzi cha Waanglikana wa Uingereza cha mwaka 1906, akaingiza humo tuni za wakulima alizozikusanya vijijini, naye hakuwa na imani ya Kikristo ya kujivunia. Watu wanasali kwa kazi yake mpaka leo. Kwa hiyo sithubutu kusema bila imani huwezi. Nasema tu kwamba kwangu imani huonekana katika jinsi mtu anavyolitendea neno: kama analisubiri au analitumia kama hanga la kutundikia tuni aliyokwisha ipenda. Vinanda vya siku hizi vimelikuza tatizo hilo. Unabonyeza kitufe, mapigo ya rumba yanatoka yenyewe, na Zaburi ya toba na wimbo wa shukrani vinavaa nguo moja.

Mimi nilisubiri sana mwaka 2020. Machi makanisa yalifungwa kwa ajili ya korona. Mvua ikaja, Ziwa Victoria likapanda kupita viwango vilivyokuwa vimewahi kupimwa, Mto Nyando ukavunja kingo, na familia za Kano ya chini zikahamia kwenye madarasa ya shule. Nilikuwa nimeazimia kwamba nitaandika Misa nzima katika utulivu ule. Sikuandika kitu. Kila nilichoanza kilisikika kama hotuba. Mwishowe nilibaki na Zaburi ya 69, ile ya mtu ambaye maji yamemfika shingoni, na nikapata kiitikio kifupi kuliko vyote nilivyowahi kuandika, cha sauti moja, kisicho na mapambo.

Makanisa yalipofunguliwa Julai, tuliruhusiwa watu wasiozidi 100 kwa saa moja, wala si walio chini ya miaka 13 au zaidi ya 58. Nusu ya sauti yangu ya pili ilikaa nyumbani kwa umri. Wimbo tuliujifunza zaidi nje, na walioubeba ni akina mama waliokuwa wakiishi shuleni. Niliwasikia wakiuimba wakiosha vyombo, na haukuwa nilioandika. Mahali ambapo mimi nilikuwa nimeipandisha tuni kuelekea tumaini, wao waliishusha, wakakaa chini, kisha wakapanda mstari mmoja baadaye. Nilisimama nikiwasikiliza, na nikajua wao ndio waliousikia vizuri. Jioni ile niliichukua karatasi, nikafuta nota zangu nne na kuandika zao. Juu yake, chini ya jina langu, niliongeza: pamoja na akina mama wa Kano.

Ndiyo maana vijana wanaoniletea nyimbo huwa siwaulizi kwanza kama wamepewa na Mungu. Nawauliza maneno wameyatoa wapi, tuni inamkumbusha nani, na nani amekwisha uimba mbali na wao. Wakinijibu kwamba hakuna, nawarudisha kwenye kwaya na penseli. Nanyi mnaoongoza kwaya, mkipokea karatasi ya nota kutoka parokia nyingine, tazameni kama ina jina la mtunzi na la mahali. Kama halipo, pigeni simu mkaulize kabla ya kutoa fotokopi ya kwanza.